Salmoni Kwenye Moshi Wangu

Kisangani, tarehe 9 Novemba 2024

Kwa mdogo wangu mpendwa Glodie,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi dada yako Ursule, ninayekuandikia nikiwa nimeketi jikoni nyuma ya nyumba, nimeweka magotini karatasi nilizochana katika daftari la kwaya. Bwana asifiwe. Natumaini mwili wako ni mzima, na yale maumivu ya mgongo uliyolalamikia mwezi wa nane yamekuachia. Je, baridi ya huko Kanada imekwisha kuanza? Hapa kwetu tunasukuma siku kwa neema ya Mungu. Mvua inanyesha mfululizo, mto umejaa, na ami yetu Tonton Bavon anasema maji yameng'oa miti miwili ya mitego yetu kwenye maporomoko. Mume wangu Émile yuko Isangi na biashara yake. Akipata mashua atarudi wiki ijayo. Kila mmoja ananituma nikusalimie, hata Mama Clémence, mke wa pasta, ambaye hamjaonana tangu ulipokuwa na meno ya mbele tu.

Najua utashangaa kupata karatasi, wewe uliyezoea kupata sauti zangu kwenye WhatsApp. Lakini simu ya nyumba hii inasikilizwa na watu sita. Nikisema alo tu, Tonton Bavon yuko mlangoni, anataka kujua nani amesema nini. Haya ninayotaka kukuambia ni ya masikio yako peke yako. Barua hii nampa Mama Orpha, yule yule aliyetuletea mzigo wako, kwa kuwa anarudi huko Alhamisi. Nimeifunga kwa gundi pande zote nne. Ukiikuta imefunguliwa, unijulishe, nitajua la kumwambia.

Nianze na habari za Papa, kwa sababu najua macho yako yanakimbilia huko. Tangu ule ugonjwa ulipompiga mwezi wa sita, mkono na mguu wa kuume vikalegea, shida yetu kubwa haijawa mguu. Shida ni chakula. Daktari wa kituo cha afya alitukalisha mimi na Tonton Bavon akatuambia bila kuzunguka kwamba mzee huyu asipokula hataiona Noeli, na kwamba anahitaji vyakula vya kujenga mwili: samaki, mayai, maharage. Kumwambia mtu wa Wagenia, sisi wavuvi wa maporomoko, ampe mgonjwa wake samaki! Nilitaka kucheka. Lakini Papa Nephtali, aliyekuwa akimmaliza samaki ngolo mzima peke yake na mlima wa lituma ya ndizi juu yake, alikuwa akifunga mdomo kama mtoto aliyeona dawa. Nilimpikia liboke ya samaki ndani ya majani, nikampikia pondu, majani ya muhogo, yenye samaki wa kusagwa, nikampikia supu ya vichwa ambayo Mama alituachia. Vijiko viwili, kisha anageuzia uso ukutani. Ndipo nikakutumia ile sauti ya kilio mwezi wa tisa, na wewe ukaniambia nisilie, utatafuta kitu. Ni mimi mwenyewe niliyeomba. Hilo silisahau.

Mzigo wako ulifika tarehe tano ya mwezi wa kumi. Tulifungua lile sanduku dogo la mbao lenye picha ya samaki anayeruka, tukakuta pakiti sita zinazong'aa za samaki aitwaye salmoni, na barua yako ya kurasa tatu. Papa alitaka isomwe palepale. Aliniomba mimi. Nikasema macho yangu yameharibiwa na moshi, siwezi kusoma maandishi madogo, basi akaitwa Mama Clémence. Glodie, macho yangu ni mazima. Sikutaka tu sauti yangu ndiyo imsifie samaki wako.

Siku hiyo barua ilisomwa mara nne, na leo naweza kuikariri. Ulieleza kwamba nyama ya salmoni ina protini ya kurudisha misuli iliyolegea. Kwamba ina mafuta yanayoitwa omega-3, ambayo ni rafiki wa moyo na mishipa ya damu. Kwamba ina vitamini D ya kuimarisha mifupa, na B12 inayosaidia damu na mishipa ya fahamu. Na kwamba ni laini, mgonjwa hahitaji kuhangaika kuitafuna. Ukasema tusiogope wekundu wake, si rangi ya kupakwa, unatokana na vijidudu vidogo vya baharini vya jamii ya kamba anavyokula. Mama Clémence alisimama hapo akauliza kama basi mtu akila kamba wengi naye atakuwa mwekundu. Watu wakacheka. Papa hakucheka, alimwambia aendelee.

Maana sehemu ya pili ndiyo iliyomteka. Ulisimulia jinsi samaki huyo anavyozaliwa katika mto mdogo wenye maji baridi, akashuka mpaka baharini, akakaa huko miaka na kunenepa, kisha siku moja akaanza safari ya kurudi kwenye mto ule ule aliozaliwa. Anautambua kwa harufu ya maji yake. Anapanda dhidi ya mkondo, akikuta maporomoko anayaruka, na tangu aingie mtoni hali tena kitu, anatumia mafuta aliyojiwekea mwilini. Akifika anataga, na wengi wao wanafia hapo hapo kwao. Papa aliomba ainuliwe, awekewe mito mgongoni. Akauliza anaruka kimo gani. Akamwita Tonton Bavon, na wale wazee wawili wakabishana mpaka saa sita jinsi ya kumtega. Papa alisema mitego yetu haifai: sisi mdomo wa kikapu unatazama mto unakotoka, maji yenyewe yanatuletea samaki, lakini huyu anapanda, kwa hiyo vikapu vyote vigeuzwe. Tonton Bavon akasema hawezi kugeuza vikapu vya mababu kwa ajili ya samaki wa wazungu. Miezi minne nilikuwa sijamsikia Papa akibishana na mtu.

Kisha akasema neno lililonichoma. Alisema mbele ya wote: "Hii samaki iko na akili kupita batu. Inaenda mbali, lakini inajua kwao. Na Glodie vilevile atarudia." Mimi nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda, nimeshika bakuli analotemea mate.

Saa saba alikula pakiti nzima. Nzima, Glodie, na lituma nusu sahani, akalamba vidole vya mkono wa kushoto. Tonton Bavon alicheza pale uani kama siku ya harusi. Na mimi nilipiga makofi, na furaha ilikuwepo kweli, usidhani mimi ni nyoka. Lakini chini ya furaha kulikuwa na kitu kinachowaka. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yako imetoka Kanada, imepita Kinshasa, imefika hadi Kisangani na kumuua mara moja, mimi niliye na fimbo mkononi kila siku nikabaki kutazama.

Nikuambie wazi: nilikuonea wivu. Sikuanza siku hiyo. Nilianza siku Papa na Mama walipoketi wakaamua kwamba mmoja wetu abaki kumsaidia Mama kukausha samaki na mmoja aendelee na masomo. Nilikuwa nimemaliza darasa la sita, nilikuwa wa tatu darasani, na hakuna aliyeuliza nilikuwa wa ngapi. Sikulalamika. Nilijifunza moshi, nikaujua. Leo wafanyabiashara wakitoka Yanonge wanapita meza tano za wengine wanakuja kwangu, wanasema samaki wa Mama Ursule haozi njiani. Hiyo ndiyo ilikuwa diploma yangu. Na tazama, sanduku dogo la mbao linakuja, ndani yake kuna samaki wa moshi. Ungeweza kutuma dawa, Glodie, ungeweza kutuma sweta. Ulituma samaki wa moshi katika nyumba yangu.

Siku iliyofuata nilimpelekea ngolo, mzuri, mnene, wa asubuhi ile ile. Aliuliza ya Glodie iko wapi. Nikamweleza kwamba tumeamua pakiti moja kwa siku tatu ili zikae. Akasukuma sahani. Akasema ngolo ni samaki wa matope. Ngolo aliyetulea sisi wote wawili! Nilimjibu kwa hasira kwamba ndiyo, ngolo haruki maporomoko, haendi baharini, hakuna anayeandika kurasa tatu juu yake, anakaa tu kwenye tope la kwao na kila siku yuko sahanini. Papa aliomba maji.

Wageni wakaanza kuja. Kila aliyeingia kumwona mgonjwa alisimuliwa habari za salmoni tangu kuzaliwa hadi kufa. Sanduku lilikaa karibu na kichwa chake. Mtu akimwambia Papa una nafuu, alijibu ni mtoto wangu wa Kanada. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha, nikimgeuza asipate vidonda, nikimpeleka nje asubuhi kwenye jua. Naandika hivi nikijua ni aibu kuhesabu kazi unayomfanyia mzazi, lakini nilihesabu.

Pakiti ya pili ilikwisha, vivyo hivyo, kwa vifijo. Zikabaki nne. Yaliyofuata ulisimuliwa na Tonton Bavon kwa sauti ile ndefu iliyojaa kicheko. Kwamba Jumanne ile dada yako alifungua pakiti zote nne, akaona nyama nyekundu, laini, yenye unyevunyevu, akasema samaki gani huyu wa moshi asiyekauka, ataoza keshokutwa, akampandisha kwenye kichanja juu ya moto tangu asubuhi hadi saa tisa. Kwamba mafuta yale ya omega yalidondoka yote motoni mpaka moto ukaruka. Kwamba kilichotoka kilikuwa gome la mti, Papa alijaribu kukivunja kwa meno yake machache akashindwa. Kisangani nzima ilicheka, na wewe pia ulicheka, nilikusikia. Kisha ukaniomba msamaha! Ulisema, yaya, dada yangu masikini, kosa ni langu, ningekueleza kwamba huyo analiwa hivyo hivyo.

Papa ndiye pekee ambaye hakucheka. Aliwaambia wageni: "Musimucheke. Ursule hajue. Hakusoma, yeye anajua tu moshi." Tangu siku hiyo kila anayekuja ananipa pole. Mama Clémence aliniombea kanisani, akitaja na jina langu, kwamba Bwana asimhesabie mtu kosa la kutokujua.

Na Papa amerudi kwenye vijiko viwili. Kwenye simu nilikuambia anakula kidogo kidogo. Si kweli. Suruali tunamfunga kwa kamba. Jumatatu daktari alimpima, amepungua kilo nne, akaniangalia mimi akauliza kwani yale mazuri mliyokuwa mkimpa yamekwisha? Nikasema yamekwisha.

Mdogo wangu, sasa kaa kitako.

Nilijua. Pakiti zile zina maandishi upande mmoja kwa Kiingereza na upande wa pili kwa Kifaransa, na Kifaransa cha darasa la sita kinatosha kusoma kwamba samaki amekwisha kupita kwenye moshi, yuko tayari kuliwa, asipikwe. Nilisoma mara mbili. Na hata kama nisingesoma: nimekausha samaki tangu nina miaka kumi na miwili. Nilipochana ile ya kwanza, harufu ya moshi ilinipanda puani, moshi wa mti mzuri, wa kazi safi. Safi kuliko wangu, nilikubali pale pale, na hilo likanitia wazimu. Niliwapanga juu ya kichanja mmoja mmoja, nikachochea moto, nikasimama nikipepea. Niliona mafuta yakidondoka na sikumwondoa hata mmoja. Nilitaka awe samaki kama samaki wengine. Nilijiambia Papa akikosa cha Glodie, atarudi kwenye cha Ursule.

Hakurudi. Na ule msamaha wa kila mtu ulikuwa unanikaa kooni, kwa sababu wananisamehe kosa ambalo sikulifanya. Nilijikuta nataka wajue kwamba mimi si mjinga, hata kama ni lazima wajue kwamba mimi ni mbaya. Basi Jumatano iliyopita, Tonton Bavon alipokwenda kwenye mitego, niliketi kitandani pa Papa nikamwambia kila kitu, tangu macho yangu kuwa mazima hadi kule kupepea moto.

Alitazama bati la nyumba. Kisha akasema alijua. Alisema siku ile alikuwa amelala hapo hapo na dirisha liko wazi, na harufu ilimfikia mapema, kabla sijaweka hata ya pili. Akasema nani anaweza kukausha samaki miaka yote hiyo asimjue aliyekwisha kauka.

Glodie, moyo wangu ulifunguka. Nilidhani basi alinificha kwa upendo, baba anayefunika aibu ya mtoto wake mbele ya watu. Machozi yalikuwa tayari. Nikamwuliza, Papa, kama ulijua, kwa nini uliwaambia watu kwamba sijui? Akanijibu polepole, kwa ule mdomo wake wa upande mmoja: "Weye ndiye unashika kijiko. Mutu ya kulala kitandani hawezi gombana na mwenye kijiko. Niliogopa."

Aliogopa. Papa Nephtali, aliyekuwa akitembea juu ya magogo yaliyolowa, chini yake maji yanaunguruma, bila kushika kamba. Aliniogopa mimi, alinitetea kwa wageni kwa kuwa jioni ingefika na ningekuja na sahani. Nilimwuliza kama ndiyo sababu hali tangu siku ile ya moshi. Alifumba macho, na nilipomletea supu saa sita alifungua mdomo haraka, akimeza bila kutafuna, macho yake yakifuata mkono wangu mpaka bakulini na kurudi.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili, na usinisamehe kwanza, msamaha nimeshiba. La kwanza, kama una uwezo, tuma salmoni nyingine, na mzigo uandikwe jina la Tonton Bavon, si langu. Nitamwambia mimi mwenyewe kwa nini. Atatangaza mji mzima, na atangaze. Yeye ndiye atakayefungua na kumlisha.

La pili, piga simu kila siku. Usiniulize mimi Papa amekula nini. Sema wampe simu sikioni, umwulize yeye: leo Ursule amekulisha nini, amekulisha vizuri, umeshiba? Mimi nitakuwa nimetoka nje, nitakaa mbali, karibu na barabara. Uendelee kumwuliza hivyo kila siku mpaka siku atakayokujibu kwa sauti ya kawaida, kama mtu asiyesikilizwa. Hata sasa, nikiandika haya, nakuonea wivu kwamba atakujibu wewe. Lakini piga.

Salimia wote wa nyumbani kwako na kanisani kwako. Funika mgongo wako vizuri na baridi hiyo. Tonton Bavon anasema umtumie viatu vya mpira, namba arobaini na tatu. Mungu akulinde, atulindie na Papa.

Ni mimi dada yako,

Ursule